Mama Junior yuko tayari kunilipia kozi, lakini sina hakika ndiyo ninayoitaka

Shikamoo dada mshauri,

Nina miaka 26, kwetu ni Kilosa, na kwa sasa nafanya kazi za ndani hapa Dar es Salaam, maeneo ya Mbezi. Nyumba hii niliingia Junior akiwa na miezi mitatu, mama yake anarudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Sasa Junior anaelekea miaka mitano na ana mdogo wake wa kike wa mwaka na nusu. Watoto hawa nimewalea mimi. Sisemi hivyo kwa kumdharau mama yao, yeye mwenyewe ndivyo anavyowaambia wageni.

Kupika, kufua na kudeki nafanya kwa sababu ndiyo kazi niliyokuja kuifanya. Ila nikiwa na watoto sioni saa zinavyokwenda. Junior alichelewa kuongea, ndugu wakaanza maneno. Mimi nilikuwa namkalisha jikoni wakati nachambua maharage, nampa kikombe cha bati, kila punje anayotia tunaisemea: moja, hii nyekundu, hii ndogo, hii mbovu tutupe. Siku aliposhika punje moja akanionyesha akasema "bovu", nilimpigia mama yake simu ofisini. Tangu hapo nina wazo kwamba hii ndiyo kazi yangu ya maisha, ila niifanye nikiwa na cheti, niitwe mwalimu au mlezi, si dada wa kazi tu.

Shule nimefika kidato cha nne, nilimaliza mwaka 2017. Nilipata daraja la nne, pointi 30: Kiswahili C, Uraia D, Historia D na Elimu ya Dini ya Kiislamu D. Yaliyobaki yote F. Mwaka uliofuata nikabeba mimba, mambo ya shule yakaishia hapo. Binti yangu ana miaka sita, anaishi na mama yangu Kilosa.

Mwezi uliopita nilijikaza nikamwambia Mama Junior kwamba nataka kusomea malezi ya watoto. Alifurahi kweli. Kesho yake akarudi na kipeperushi cha chuo kimoja kiko njiani anapopita: kozi ya malezi ya watoto, miezi mitatu, masomo ya jioni na Jumamosi, ada shilingi 350,000. Akasema atalipa yote na jioni atakuwa anawahi kurudi. Ila nikimaliza nikae naye miaka miwili mingine, mpaka huyu mdogo aanze shule. Hakusema kwa ubaya.

Nilikwenda kukiona hicho chuo. Ni chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vipodozi. Viti vya plastiki, ubao, picha za wanyama ukutani, na mdoli wa kufundishia kuogesha mtoto, mkono mmoja hana. Dada wa mapokezi akasema wahitimu wao wanapata kazi moja kwa moja na cheti kinatambulika hadi nje ya nchi. Nikamuuliza kinatambuliwa na nani, akajibu "na serikali", akageukia simu yake.

Kuna chuo kingine kiko mkoani, nilikipata kwa rafiki. Hicho ni mwaka mmoja ngazi ya kwanza, halafu unaweza kuendelea hadi stashahada. Ada ni 900,000 kwa mwaka, chakula na malazi juu yako. Nilimpigia mtu wao nikamtajia matokeo yangu, akasema ufaulu wa masomo manne unatosha kabisa, nitume pesa ya fomu niwahi nafasi. Akiba yangu yote ni milioni moja na laki moja.

Kila mtu ana lake. Kaka yangu anasema nisitupe hela kwenye kozi za kuchezesha watoto, nisome ualimu wa awali niajiriwe serikalini. Mama anasema nirudi nyumbani nifungue kituo kidogo pale uani, watoto wapo wengi na wazazi wanaenda shamba. Rafiki yangu anafanya kazi kwenye kituo cha watoto Kimara bila cheti chochote, analipwa chini ya ninavyolipwa mimi na bado anajilipia chumba.

Naogopa nikikataa ofa ya Mama Junior ataniona sina shukrani, labda aanze kutafuta dada mwingine. Nikikubali, nitafika miaka 28 nimeshika karatasi ambayo huenda haifungui mlango wowote. Na binti yangu siku hizi nikipiga simu anamwita bibi yake mama, mimi ananiita kwa jina. Naomba unisaidie, nichague ipi?

Dada wa Mbezi

*

Marahaba mdogo wangu,

Umeniuliza uchague ipi kati ya kozi mbili, ya ghorofani au ya mkoani. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikaona kozi zenyewe ni sehemu ndogo ya mzigo. Kuna mwajiri unayempenda na kumwogopa kwa pamoja, kuna akiba ambayo ikienda hairudi, na kuna mtoto wako Kilosa. Sitakuchagulia. Ila kuna mambo umeyachukua kuwa ya kweli ambayo yanahitaji kuchunguzwa kwanza, na moja kati ya hayo linaweza kukuokolea pesa wiki hii hii.

Kabla ya hapo, niseme kuhusu yale maharage. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi ya watoto wadogo wenye nguzo tano: afya, lishe, ulinzi na usalama, fursa za kujifunza mapema, na kitu wanachokiita malezi yenye mwitikio, yaani mtoto anapotoa ishara mkubwa anaitika, anamjibu, anaendeleza. Serikali yetu ilijenga juu ya nguzo hizo hizo ilipotoa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Wewe ulikuwa unafanya nguzo mbili kwa mpigo, jikoni, na kikombe cha bati. Nakuambia hivi kwa sababu barua yako imeandikwa na mtu anayejiona anakwenda chuoni mikono mitupu, na mtu wa namna hiyo hukubali lolote analoambiwa mapokezi.

Sasa, uliandika "niitwe mwalimu au mlezi", kana kwamba ni kitu kimoja. Wazazi wengi nao huvichanganya, maana mtaani kila kituo ni "nasari" na kila anayefanya kazi humo ni "ticha". Kwenye karatasi ni kazi mbili, na kila moja ina wizara yake. Elimu ya awali ni ya mtoto wa miaka mitano, mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza, iko chini ya Wizara ya Elimu, na anayeifundisha ni mwalimu aliyepita chuo cha ualimu. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana ni cha watoto ambao hawajafika hapo. Hicho kinasajiliwa kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kiko upande wa ustawi wa jamii, na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri ndiye anayekikagua. Anayefanya kazi humo ni mlezi, na masomo yake yana njia yake. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko upande huu, na kule Kisangara, wilayani Mwanga, walezi wa vituo wamefundishwa kwa miaka mingi.

Kwa hiyo swali linalotangulia jina la chuo ni hili: mtoto unayetaka kushinda naye ana umri gani? Nimeona kwenye barua yako furaha yote iko kwa mtoto anayejifunza kutamka neno lake la kwanza. Huyo ni wa upande wa malezi. Huenda pia ungependa darasa la watoto thelathini wanaojifunza kushika penseli, sijui. Hujawahi kulijaribu, na wewe mwenyewe hujui bado.

Hapo ndipo ninapomwelewa kaka yako na pia kutofautiana naye. Kazi ya serikali ni kitu kizuri kukitaka. Lakini ualimu kwa kawaida unadai daraja la kwanza hadi la tatu la kidato cha nne, na wewe una la nne. Njia hiyo kwako inaanzia kwenye kurudia mitihani mingi, siyo mmoja. Kama ni ndoto yako, ni safari halali. Kama ni ndoto ya kaka, muulize atachangia nini. Na hilo neno "kuchezesha watoto" lisikuumize. Mtoto wa miaka mitatu hujifunza kwa kucheza, na chuo cha malezi kinachojua kazi yake hutumia muda mwingi kumfundisha mtu mzima namna ya kuupanga mchezo.

Jambo la kuokoa pesa ni hili. Yule wa kwenye simu alikuambia ufaulu wa masomo manne unatosha. Ni kweli kwamba kozi za ngazi ya astashahada zinazosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, huhitaji ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, kuanzia D. Lakini masomo ya dini hayahesabiwi humo. Ukiiondoa Elimu ya Dini ya Kiislamu unabaki na Kiswahili, Uraia na Historia. Una matatu, siyo manne. Inawezekana yule bwana hakusikiliza vizuri, inawezekana analipwa kwa idadi ya fomu. Vyovyote iwavyo, usitume chochote kabla hujapata jibu la maandishi linalotaja masomo yako moja moja. Kuna watu wamesoma mwaka mzima, wamelipa ada, halafu usajili wao wa mtihani ukakwama kwa sababu kama hii.

Najua hili limekukata maini. Liangalie kwa upande mwingine: pengo lako ni somo moja. Unaweza kulirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, mtihani ni Novemba, matokeo hutoka karibu na mwisho wa Januari. Hulazimiki kurudia masomo yote. Wengi huchagua mawili ili moja likikataa lingine lishike, na Dar es Salaam vituo vya masomo ya jioni na mwisho wa wiki vipo tele. Kama utakwenda njia hiyo, fikiria Baiolojia iwe mojawapo. Magonjwa, lishe, chanjo, mwili unavyokua, utavikuta tena kwenye malezi. Hatari yake ni kwamba umekaa mbali na daftari kwa muda mrefu, na jioni ya mfanyakazi wa ndani haina mwanzo wala mwisho. Unafungua kitabu saa tatu usiku, mtoto analia. Bila makubaliano na Mama Junior juu ya saa zako, huo mtihani utaufanya ukiwa umesinzia.

Nirudi kwenye chumba cha ghorofani. Umekichora vizuri hadi nimeuona mkono wa mdoli unavyokosekana, na nadhani unataka nikuambie ni matapeli. Siwezi. Kozi fupi si lazima iwe mbovu. Miezi mitatu chini ya mwalimu aliyewahi kufanya kazi kituoni inaweza kukupa huduma ya kwanza, usafi, hatua za ukuaji, namna ya kumtambua mtoto anayedhulumiwa, na kutengeneza zana za michezo kwa vizibo na maboksi. Rafiki yako wa Kimara hana hata hayo. Shida ni ile ahadi ya "kutambuliwa". Hapo kuna mambo mawili ambayo vyuo vingi vidogo huyachanganya: chuo kusajiliwa, na kozi yenyewe kuidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali wa kufundisha kompyuta na ushonaji, kikaongeza malezi ya watoto juu yake bila idhini. Waombe namba ya usajili, kisha ingia tovuti ya NACTVET, au mwombe mtu mwenye simu nzuri akusaidie, uone chuo kimo na kozi hiyo imo. Kila mwaka kabla ya udahili hutolewa pia kitabu cha mwongozo chenye orodha ya vyuo, kozi na sifa za kujiunga. Kozi isipoonekana kokote, unachonunua ni maarifa na karatasi ya kuhudhuria. Inaweza kuwa na thamani kwako. Ila siyo ngazi ya kupandia kwenda stashahada, na bei yake ipimwe hivyo.

Jambo lingine la kuwauliza, wao na wale wa mkoani: mafunzo kwa vitendo ni wiki ngapi, na kwenye kituo gani? Chuo kinachokaa kimya hapo kitakufundisha kulea watoto kwa kunakili ubaoni.

Utakutana pia na mabango ya Montessori, maana Dar yapo kila kona. Maria Montessori alikuwa daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Rome mwaka 1907, kwenye mtaa wa wafanyakazi maskini, na njia yake ya kufundisha ni nzuri kweli kwa watoto wadogo. Hapa nchini kuna vyuo vinavyoifundisha kwa kina, kikiwemo cha Msimbazi Centre pale Ilala. Lakini jina lenyewe halina mwenyewe, yeyote anaweza kulipaka kwenye geti. Usilipe zaidi kwa sababu ya bango.

Kuna njia ambayo hukuitaja kabisa, nayo iko karibu na kwenu kuliko zote. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza miaka ya 1970, wakati wa Mwalimu Nyerere, kwa ajili ya watu wazima ambao shule iliwapita pembeni. Viko 54 nchini. Kimojawapo ni Bigwa, Morogoro mjini, kingine kiko Ilonga, huko huko wilayani kwenu. Havikubani sana na matokeo ya kidato cha nne, ada zake kwa kawaida ni nafuu, na kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho vimepokea wasichana wengi waliokatishwa masomo na ujauzito. Baadhi vimeweka kituo cha watoto ndani ya chuo, mama yuko darasani na mwanawe anacheza ng'ambo ya uwanja, na baadhi vinafundisha malezi ya awali pia. Si vyote, na kozi hubadilika, kwa hiyo piga simu uulize wanafundisha nini mwaka huu na cheti chao kinakufikisha wapi. Hasara yake kwako ni kwamba utaacha mshahara, na ukimaliza utakuwa mbali na soko la Dar ambako vituo ni vingi na wazazi wanalipa zaidi.

Wazo la mama yako la kituo cha uani halipo mbali na hapo. Watu wengi hulianza kwa mkeka na sufuria ya uji, halafu ndiyo wanasikia habari za usajili. Ukiwa unalifikiria kwa dhati, hata kwa baadaye sana, nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri na umuulize mlezi wa kituo anatakiwa awe na cheti gani, na kutoka vyuo vipi. Ningekuwa wewe ningeuliza hivyo hata kama sina mpango wa kufungua kituo, kwa sababu yeye ndiye anayevikagua vyeti hivyo mezani. Jibu lake ni la bure na lina uzito kuliko la mapokezi yoyote. Mtaji nao una mlango wake: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Ni vikundi, kwa hiyo utahitaji wenzako, na kuwapata watu wa kushika nao deni pamoja ni kazi nyingine kabisa.

Kuhusu rafiki wa Kimara, usimlinganishe nawe kwa mshahara peke yake. Wewe una kitanda na chakula ndani ya malipo yako, ukitoka hapo utavinunua. Lakini ana kitu ambacho wewe huna, nacho ni kujua siku nzima na watoto ishirini inafananaje. Watoto wawili unaowajua tangu wachanga ni jambo moja. Ishirini, watatu wanalia, mmoja amejisaidia, na mzazi yuko getini anauliza nani kamng'ata mwanawe, ni jambo lingine. Kwa sheria ya ajira likizo yako ya mwaka ni siku 28. Je, rafiki yako anaweza kukuombea kujitolea hapo siku chache? Wapo waliotoka huko wakisema hii ndiyo kazi yangu, na wapo waliogundua kwamba wanapenda mtoto mmoja mmoja, wakabaki kuwa walezi wa nyumbani wenye mafunzo mazuri na mshahara unaofanana nayo. Hilo la pili nalo ni maisha.

Sasa Mama Junior. Umeandika kama vile kuna majibu mawili tu, kukubali au kukataa. Lakini yeye ulimwambia unataka kusoma, hukumwambia nini. Akaleta alichokiona njiani. Amejitolea pesa na jioni zake, kipeperushi ni kile kilichokuwa kinagawiwa siku hiyo. Inawezekana kabisa pesa ile ile akakubali iende kwenye masomo ya jioni ya kurudia mtihani, au iwe sehemu ya ada baadaye. Na ile miaka miwili, ambayo kwako inasomeka kama kifungo, hebu ipange kwenye kalenda: usajili, mtihani wa Novemba, matokeo, kuomba chuo, udahili. Muda mkubwa wa miaka hiyo unakwisha hapo, ukiwa na mshahara na pa kulala. Sisemi ukubali. Nasema huenda matakwa yake na yako hayagombani kama unavyoogopa.

Hatari iko kwenye mdomo. Makubaliano ya mdomo humfunga aliye mnyonge. Akihamishwa kazi mwakani? Ukipata udahili kabla miaka miwili haijaisha, utarudisha pesa au utakuwa umemvunjia neno? Akikuachisha yeye kabla? Yaandikeni kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili cha kawaida: kiasi gani, jioni zipi ni zako, na mmoja akitaka kuondoka inakuwaje. Mwajiri mwema hataona vibaya. Ukitaka wa kukusomea kabla hujasaini, CHODAWU ni chama cha wafanyakazi kinachowahusu pia wa majumbani, na kuwauliza si kumshtaki mtu.

Na inawezekana akakasirika. Umekaa naye miaka, unamjua kuliko mimi. Kama kweli ni mtu wa kukufukuza kwa sababu umeuliza, basi hiyo nayo ni habari ya kuijua kabla hujafungwa miaka miwili.

Limebaki la binti yako, na hili nitalisema taratibu. Umeliweka mwishoni kabisa mwa barua, baada ya ada na vyeti. Sikunyooshei kidole, umemlisha na kumsomesha kwa jasho lako, na mtoto kumwita bibi mama ni kawaida ya nyumba nyingi zetu. Ila tazama njia zako zote tena ukiwa na swali moja zaidi: mwaka huo wa masomo, yeye atakuwa wapi na mimi nitakuwa wapi? Chuo cha mkoani kitakuweka mbali na Junior na mbali naye pia, wote wawili. Ilonga au Bigwa kitakuleta karibu. Kubaki Mbezi ukirudia mtihani kunamweka pale pale alipo, labda na simu nyingi zaidi na likizo moja ndefu. Mtoto wa miaka sita anaelewa akielezwa kwamba mama anasoma. Kama umewahi kumwambia, hukuandika.

Ukienda kuzungumza na Mama Junior, usiende siku ambayo ametoka kazini amechoka, na usiende na simulizi. Nenda na nakala ya matokeo yako, majibu ya Afisa Ustawi wa Jamii, na tarehe za usajili wa mtihani ulizozipata. Mwonyeshe pale kwenye matokeo lilipo lile somo moja lililopungua. Halafu mwache naye aulize maswali yake, maana atakuwa nayo, na la kwanza litakuwa nani atabaki na watoto Jumamosi.